Ndovu wa Tabora: Sarafu za dharura zilizofuliwa vita vikibisha hodi

Toa mbao mfukoni uitazame. Ile sarafu ya shilingi 20, upande mmoja ina ndovu. Kobole ina kifaru, ashu ina simba, na bob moja ina twiga. Benki Kuu ya Kenya ilizitoa Desemba 2018, kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa zetu. Marais wakatoka, wanyama wakaingia.

Ukifika soko la Gakoromone hapa Meru asubuhi, wakati magari ya ndizi bado yanashusha mizigo, utajua thamani ya hao wanyama. Mama wa nyanya akikosa chenji atakuongezea nyanya mbili ama atakuambia utume M-Pesa. Ukipanda matatu ya kwenda Nkubu, makanga atawashikisha soo moja wewe na abiria usiyemjua, mtafute wenyewe namna ya kugawana mbele ya safari. Chenji ikiadimika kidogo tu, soko zima linaanza kubuni njia zake.

Sasa fikiria chenji imeadimika katika nchi nzima kubwa kuliko Kenya. Bahari imefungwa, maadui wanakuja kutoka kila upande, na wanajeshi maelfu wanataka mshahara wao. Hapo ndipo alipozaliwa ndovu mwingine, mzee wa huyu wetu kwa zaidi ya miaka 100. Aligongwa mwaka 1916 huko Tabora, magharibi mwa nchi inayoitwa Tanzania leo, ndani ya karakana ya reli. Na alikuwa wa dhahabu.

Rupia, pesa na heller

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitawala eneo lililojumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Pesa yao huko haikuwa alama ya Ujerumani. Ilikuwa rupia, kwa sababu biashara ya pwani yetu ilikuwa imezoea rupia ya India kwa miaka mingi na hakuna mfanyabiashara aliyetaka kuambiwa aanze upya. Mwanzoni rupia moja ya Wajerumani iligawanywa kuwa pesa 64. Naam, pesa. Neno tunalotumia leo kwa fedha yoyote lilikuwa jina la sarafu ndogo kabisa, nalo lilitoka India, kwenye paisa. Mwaka 1904 Wajerumani wakaona 64 ni hesabu ya kuumiza kichwa, wakaigawa rupia kuwa heller 100.

Upande wetu wa mpaka, Waingereza nao walikuwa wakitumia rupia. Kituo cha serikali Embu kilianzishwa 1906 na cha Meru 1908, chini ya Edward Horne ambaye wazee wa Meru walimwita Kangangi. Pamoja na vituo hivyo ikaja kodi, na kodi ilitakiwa kwa rupia. Kwa hivyo babu wa babu yako ambaye alipimia mali kwa mbuzi na ng'ombe alilazimika kuitafuta sarafu yenye kichwa cha mfalme asiyemjua, ili ampe mtu asiyemdai chochote. Nadhani hapo ndipo uhusiano wetu na pesa ulipoanza kwa mguu mbaya, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sarafu za Wajerumani hazikutengenezwa Afrika. Zilifuliwa Berlin na Hamburg, zikapakiwa kwenye meli hadi Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa muda wote ambao meli zingeweza kupita.

Bahari ikafungwa

Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walikuwa na manowari na Wajerumani wa huku walikuwa na moja tu ya maana, Königsberg. Ilijificha kwenye delta ya mto Rufiji na ikamalizwa Julai 1915. Kufikia wakati huo pwani ilikuwa imezingirwa. Ni meli mbili tu kutoka Ujerumani zilizofaulu kupenya, moja Aprili 1915 na nyingine Machi 1916. Vilivyobaki ilibidi watu wajitengenezee.

Na walijitengenezea kwelikweli. Kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kilitengeneza dawa ya malaria kutokana na magome ya mti wa kwinini. Sabuni, mishumaa, nguo, hata mafuta ya kuendeshea magari yaliyotokana na nazi, vyote vilifanyiwa humo humo. Ni ile jua kali unayoiona kwa mafundi wetu, ila hii ilikuwa na bunduki nyuma yake.

Lakini pesa ni kitu cha ajabu. Ukikosa sabuni utatumia majivu. Ukikosa pesa ambayo watu wanaiamini, hata aliye na mahindi atayaficha.

Kilichotokea ni hiki. Watu waliposikia vita, walianza kuzificha rupia za fedha. Fedha hapa ni madini yenyewe, yale meupe. Mtu alijua kwamba akizika rupia 20 chini ya kitanda, hata Mjerumani akiondoka na Mwingereza akija, madini yatabaki kuwa madini. Noti haina ahadi hiyo. Wanauchumi wana jina la tabia hii, wanaiita kanuni ya Gresham: pesa mbaya huifukuza pesa nzuri sokoni. Kila mtu hulipa kwa ile asiyoitaka na kuificha ile anayoitaka. Hata wewe ukiwa na noti mbili za soo, moja imechanika na kubandikwa selotepu, unajua ni ipi utakayompa kondakta kwanza.

Benki ya kikoloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikaanza kutoa noti za muda kuanzia Machi 1915. Zilichapwa ndani ya koloni, kwanza Dar es Salaam kisha Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Rangi zilitofautiana na karatasi zilitofautiana, huku noti zikitiwa saini kwa mkono mmoja mmoja. Jiulize ungekuwa mkulima wa Unyamwezi mwenye magunia ya mpunga, halafu askari anakuja na karatasi ya rangi ya mfuko wa sukari anakuambia hii ni rupia. Ungempa mpunga?

Ndipo serikali ikaona lazima kuwe na sarafu, kitu cha kulia kikidondoshwa mezani.

Kwa nini Tabora

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kwa muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam iliifikia 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Reli huenda na karakana, na karakana huwa na tanuri, mashine za kukatia vyuma na mafundi wanaojua kuvitumia. Tena Tabora ilikuwa bara kabisa, mbali na mizinga ya manowari. Vita vilipoikaribia pwani, mji huo ukawa makao makuu ya muda ya serikali.

Kufua sarafu si uchawi. Unayeyusha madini, unayakandamiza kuwa bamba jembamba, unakata vipande vya duara, kisha kila kipande unakiweka kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kukigonga kwa nguvu. Ugumu uko kwenye mihuri. Lazima mtu aichonge kinyume, kwa mkono, mstari baada ya mstari, kwenye chuma kisichosamehe. Ulaya kazi hiyo ilikuwa na wataalamu wake. Tabora ilikuwa na sonara. Waandishi wa historia ya sarafu husimulia kwamba aliyechonga mihuri ya dhahabu alikuwa sonara kutoka Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka siku hizi, mmoja wa mafundi wa bahari ya Hindi waliokuwa wamefuata kazi huku kwetu.

Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, mgodi ulio Iramba katika mkoa wa Singida wa leo, ambao ulikuwa umeanza kuchimbwa miaka michache tu kabla ya vita. Kwa kawaida ingesafirishwa Ulaya. Lakini kwa meli gani? Ikabaki, ikageuzwa kuwa pesa.

Sarafu iliyotoka iliandikwa rupia 15. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ufanye hesabu: rupia 15 zilikuwa sawa na alama 20 za Ujerumani, na alama 20 ndiyo ilikuwa sarafu ya dhahabu ya kawaida huko Ujerumani. Upande mmoja wakaweka tai wa dola ya Kijerumani na maneno ya jina la koloni. Upande wa pili wakaweka ndovu ameinua mkonga, nyuma yake milima, ambayo wengi huitaja kuwa Kilimanjaro. Chini kuna mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Nimeitazama picha yake mara nyingi na kila mara naona kwamba aliyemchora ndovu yule alikuwa amewahi kumwona ndovu. Ana hasira, anatembea. Wa kwenye mbao yetu, kwa heshima zote, amesimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Zilifuliwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu halisi, zilizobaki ni madini mengine ya kuikaza. Hapa kuna kaujanja. Sarafu ya alama 20 iliyofuliwa Ujerumani ilikuwa na zaidi ya gramu 7 za dhahabu tupu. Ile ya Tabora iliyodai kuwa na thamani ileile ilikuwa na gramu 5 na kitu. Serikali iliyozingirwa ilimpa mwenye sarafu ndovu mzuri, ikabaki na robo ya dhahabu yake.

Pesa ya shaba, pesa ya wengi

Ndovu wa dhahabu ndiye anayepigwa picha. Mimi nadhani hadithi yenyewe iko kwenye sarafu mbaya zaidi zilizotoka karakana ileile: heller 20 na heller 5.

Hizi zilifuliwa kwa shaba, nyekundu na ya manjano, kutokana na chochote kilichoweza kuyeyushwa, yakiwemo maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa. Upande mmoja kuna taji na herufi DOA, ufupisho wa jina la koloni kwa Kijerumani, pamoja na mwaka. Upande wa pili namba ya thamani kati ya matawi mawili. Kazi haikuwa safi. Mihuri ilichakaa, ikachongwa upya kwa mkono, kwa hiyo taji la sarafu moja si taji la nyingine. Sarafu ya heller 5 ilitoka chache, kama 30,000. Ya heller 20 zilitoka takriban milioni 1.6 za shaba ya manjano na 300,000 za nyekundu.

Piga hesabu kidogo. Sarafu zote za dhahabu kwa pamoja zilikuwa na thamani ya rupia 242,970. Za heller 20, kwa kuwa tano zinafanya rupia moja, zilifikia karibu rupia 380,000. Yaani shaba ya makombo ilibeba uchumi kuliko dhahabu ya Sekenke. Na tofauti kubwa ni mikono iliyozishika. Sarafu ya rupia 15 huwezi kununulia muhogo; nani atakupa chenji? Ilikuwa pesa ya kulipa watu wakubwa na ya kufichwa. Ya heller 20 ndiyo iliyokwenda sokoni, kwa muuza samaki, kwa mpagazi, kwa askari anayetaka tumbaku.

Jirani yetu wa Nyeri alifanya vivyo hivyo

Usidhani ni Wajerumani tu. Mwaka 1574 mji wa Leiden huko Uholanzi, ulipozingirwa na Wahispania, ulibanwa hadi ukatengeneza sarafu za karatasi ngumu kutoka kurasa za vitabu vya ibada. Watu walisema vilevile kwamba hii haiwezi kuwa pesa, kisha wakaitumia kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Na kuna mfano ambao mtengenezaji wake amelala ng'ambo ya mlima wetu. Robert Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti, alizingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, siku 217. Sarafu zilipoadimika mjini, noti za dharura zilitolewa kuanzia shilingi moja hadi pauni moja. Ile ya pauni aliichora yeye mwenyewe na ikatolewa kwa njia ya picha, maana mashine ya kuchapia noti haikuwepo. Jambo la kuchekesha ni kwamba vita vilipoisha watu wengi hawakuzirudisha benki wabadilishiwe. Waliziweka kama ukumbusho. Kwa serikali hiyo ni faida tupu: deni ambalo mdai amelipenda na kulitundika ukutani. Baden-Powell alikuja kuishi Nyeri uzeeni, akafariki Januari 1941, na kaburi lake liko palepale. Ukitoka Meru kwa matatu unaweza kulitembelea na kurudi siku hiyohiyo.

Wa Tabora hawakupata bahati ya kutundika ukutani.

Tabora yaanguka

Kufikia katikati ya 1916 Waingereza walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, Wareno walikuwa wameingia vitani kusini, na Wabelgiji walikuwa wanakuja kutoka Kongo kupitia Rwanda na Burundi. Kule ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen mwezi Julai ili adui asiipate. Ilikuja kuopolewa, na ndiyo hiyo MV Liemba tunayoisikia hadi leo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur likaingia Tabora. Wengi wa wapiganaji wake walikuwa Wakongo. Karakana ya pesa ikawa imekwisha kazi.

Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck halikusalimu amri. Lilihamia kusini, porini, likiwa na pesa inayozidi kuchekesha. Mwaka 1917 zikatoka noti zilizogongwa kwa mihuri midogo ya mpira, herufi moja moja, kama mtoto anayecheza. Zinaitwa noti za porini. Ukiitazama moja unaweza kudhani ni risiti ya posho mill. Lakini mtu alipewa hiyo kwa kuku wake, kwa mtama wake, kwa miezi ya kubeba mizigo.

Koloni lilipokwisha, rupia za fedha zilibaki na thamani ya madini yake. Noti zilibaki karatasi mikononi mwa wengi waliolazimishwa kuzipokea. Wakenya tunalijua hilo japo kwa njia ya upole zaidi. Juni 2019 tulitangaziwa kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakufa tarehe 30 Septemba. Tulipewa miezi minne, redio zikatangaza kwa lugha zote, na bado noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Sasa ondoa redio, ondoa benki, ondoa hiyo miezi minne. Weka mkulima aliye siku kadhaa za kutembea kutoka boma la karibu.

Rupia tano za mtu wa Meru

Hapa ndipo hadithi ya Tabora inaingia nyumbani. Waingereza walioshuka kusini hawakuwa na magari ya kutosha wala wanyama, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu. Walihitaji vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ukafanyika msako mkubwa wa wapagazi katika wilaya zetu, Meru na Embu zikiwemo. Machifu waliambiwa idadi, vijana wakakamatwa. Kundi hilo liliitwa Carrier Corps, jina ambalo ulimi wetu uligeuza kuwa Kariokor pale Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukinunua kiondo Kariokor, unasimama juu ya kumbukumbu hiyo.

Mshahara wa mpagazi ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi. Kwa hesabu ya yule ndovu wa dhahabu, ingemchukua miezi mitatu ya kubeba mzigo kichwani, bila kula senti, kuipata sarafu moja. Wengi hawakufika mwezi wa tatu. Kuhara, malaria, nimonia na unga usioiva viliua kuliko risasi. Hesabu rasmi za Waingereza zenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaamini ni zaidi. Kijana aliyetoka kwenye baridi ya miteremko ya mlima, akalala kwenye tope la Rufiji bila blanketi la pili, hakuwa na nafasi kubwa.

Marehemu alikuwa anadai. Lakini jina lake liliandikwa vibaya, kijiji chake hakikuandikwa kabisa, na serikali ikasema hailipi mshahara ambao mwenyewe hajulikani. Mabaki ya malipo hayo ya wafu yalizungushwa kwenye barua kati ya Nairobi na London kwa miaka, na familia nyingi hazikuona hata rupia moja. Waliorudi walikuta rupia yenyewe inaondolewa. Mwaka 1920 ikaja florini, na kufikia 1922 ikawa shilingi. Mabadiliko mawili ndani ya muda mfupi kiasi hicho, kwa mtu aliyezika akiba yake kwenye chungu.

Ndovu siku hizi

Leo sarafu ya rupia 15 ya Tabora ni kipenzi cha wakusanyaji. Inauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, zaidi sana ya dhahabu iliyomo. Ya heller 20 ni rahisi kupata, na uzuri wake ni kwamba ubaya wake unajulikana: wakusanyaji wanatofautisha muhuri mmoja na mwingine kwa kuangalia umbo la taji na ncha za herufi. Yale makosa ya fundi aliyeharakishwa yamekuwa vitambulisho.

Kwa kuwa ina bei, ina wezi. Nakala za ndovu wa Tabora zimejaa. Nyingine zinauzwa waziwazi kama mapambo, nyingine zinauzwa kama za kweli. Halafu kuna wale jamaa wa hazina ya Mjerumani. Umewahi kuwasikia, au utawasikia: kuna rupia ya kale ina nguvu, ukiikaribisha kwenye mchele punje zinakimbia, kuna mnunuzi wa nje anatoa mamilioni, wewe toa tu pesa kidogo ya kuipima. Hakuna sarafu inayofukuza mchele. Shaba ni shaba. Ukiikuta sarafu yenye DOA kwenye sanduku la cucu, usiisugue kwa mchanga wala dawa ya meno, maana kuing'arisha kunaiharibu machoni mwa mnunuzi. Ipime uzito, ipige picha pande zote mbili, uliza jumba la makumbusho kabla ya kumuuliza mtu aliyekupigia simu.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, mahali panapoitwa Mbala nchini Zambia leo. Hakuwa na pesa ya kuwalipa askari wake Waafrika. Aliwapa vyeti vya karatasi, akawaahidi kwamba serikali yake ingelipa. Walirudi makwao, Unyamwezi, Usukuma na kwingineko, wakawa wakulima, wakazeeka.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua hatimaye kulipa wale waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza na wazee kama 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa bado na vile vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zilizoliwa na mchwa, wengi hawakuwa na chochote. Afisa wa benki aliyetoka Ujerumani akakosa njia ya kujua nani mkweli, mpaka akapata wazo. Kila mzee alikabidhiwa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani jinsi ya kushika bunduki: begani, chini, mbele. Ilikuwa imepita miaka 46. Hakuna hata mmoja aliyekosea.